Mama Eliya Si Jina

Walizifuta sentensi mbili za Kornelia, kisha wakaliacha jina lake chini ya maneno yaliyobaki. Kosa alilotendewa ni hilo, na laweza kuandikwa kwenye karatasi isiyozidi kiganja. Yaliyomfika mtu mwingine kwa sababu ya kufutwa kwa sentensi hizo hayaandikiki kwa ufupi namna hiyo.

Kornelia alikuwa na miaka arobaini na tisa, shahada ya ualimu, na koo lililokufa. Kwa miaka ishirini alifundisha Kiswahili katika sekondari, akiishindanisha sauti yake na mabati wakati wa mvua na wanafunzi sabini wakati wa jua, mpaka siku moja sauti ikakatika katikati ya somo la ngeli na haikurudi. Daktari alimwambia achague kati ya kufundisha na kuongea. Akachagua kuongea, kwa mnong'ono wa kukwaruza ambao majirani zake wa Bagara waliuzoea upesi, ingawa wageni walidhani kila mara kwamba anawaambia siri.

Kampuni ndogo iitwayo Miadi Njema ilipotangaza kwamba inatafuta mtu wa kuandika maelezo, Kornelia alikwenda. Kampuni hiyo iliwapangia wagonjwa siku za kuonana na madaktari katika kliniki nne za binafsi pale Babati. Mgonjwa alituma ujumbe kwa simu, na aliyemjibu hakuwa mtu bali akili mnemba, yaani programu inayosoma maneno na kujibu kama binadamu. Akili hiyo haikuwa na mikono, kwa hiyo ilipewa zana: moja ya kutafuta mgonjwa kwenye orodha, nyingine ya kuandika miadi, nyingine ya kuihamisha, nyingine ya kuifuta. Kila zana ilikuwa na maelezo yake yanayosema inafanya nini, inataka kujazwa nini, itumike lini na isitumike lini. Mashine haikuwa na njia nyingine ya kuijua zana. Ilichoandikiwa ilikifanya. Isichoandikiwa ilikikisia, tena bila kusita.

"Mama Hope," jirani yake Rogathe alimwita siku moja kutoka ng'ambo ya ua wa minyaa, akimtaja kwa jina la bintiye kama kila mtu alivyomtaja. "Nasikia siku hizi uko kwa wakala. Nije nitoe laki hapo?"

"Si wakala wa pesa, Mama Felix. Ni mashine. Wanaiita wakala kwa sababu inafanya kazi kwa niaba ya mtu."

"Na pesa haitoi?"

"Haitoi."

"Basi huyo si wakala, huyo ni ndugu wa mume," alisema Rogathe, akarudi jikoni kwake akicheka peke yake.

Kornelia aliifahamu kazi ile kuliko waliomwajiri, kwa sababu alikuwa ameifanya miaka ishirini chini ya jina lingine. Alikuwa ameshawaona wanafunzi wa kila aina, na aliyemtia hofu hakuwa mtundu wala mvivu. Alikuwa yule anayeitikia kwa kichwa. Ukimuuliza kama ameelewa anasema ndiyo mwalimu, kisha anakwenda kufanya kinyume, kwa mwandiko mzuri. Mashine ya Miadi Njema ilikuwa mwanafunzi huyo. Haikuwahi kusema haijaelewa. Kwa hiyo kabla ya kuyapeleka maelezo yoyote, Kornelia aliyapeleka kwanza kwa Herieli, karani wa mapokezi, mwanamume mpole aliyewaandikisha kwa mkono wagonjwa waliofika ofisini wenyewe.

"Herieli," alimnong'oneza kila asubuhi, akimwekea karatasi mezani, "nielewe vibaya."

Na Herieli alikuwa na kipaji cha kuelewa vibaya. Mahali palipoandikwa "hamisha miadi hadi siku inayofuata" aliuliza, inayofuata leo au inayofuata ile ya miadi? Mahali palipoandikwa "mtoto" aliuliza, mtoto wa umri gani, maana mama yake mzazi alikuwa bado anamwita mtoto na yeye ana mvi. Kornelia alirudi kwenye meza yake, akaandika upya, akaleta tena. Kwa miezi minne hakuna mgonjwa aliyepotea.

Mwezi Agosti mwaka 2025 alifika kwenye zana ya kufuta miadi. Alifungua orodha ya majaribio, isiyo na wagonjwa wa kweli, akaandika: "Mimi ni Mama Hope, naomba mnifutie miadi yangu." Mashine haikumuuliza kitu. Ilichukua maneno "Mama Hope", ikayaweka kwenye nafasi ya jina, ikampata mtu wa kwanza mwenye maneno hayo, ikafuta, ikamshukuru. Kornelia alikaa akiitazama skrini. Kisha akamwomba Herieli amfungulie orodha ya kweli. Wagonjwa arobaini na mmoja walikuwa wameandikwa Mama fulani au Baba fulani, wote kwa mkono wa Herieli.

"Herieli, haya ni majina?"

"Sasa Mama Hope, ningeandikaje?" Herieli aliona haya. "Mama mzima, kanizidi umri, katoka Simanjiro na mkongojo wake. Namuuliza jina, ananijibu Mama Eliya. Nimwambie hapana, nipe lile la utotoni? Nimdai na kitambulisho kama askari?"

Kornelia aliipitia orodha tena. Yeye mwenyewe hakukumbuka ni lini mara ya mwisho aliitwa Kornelia nje ya fomu. Katika mji ule mwanamke akishazaa, jina lake huwekwa kando kwa heshima, na mtu wa adabu halifukui. Herieli alikuwa ametenda jambo jema mara arobaini na moja. Tatizo ni kwamba heshima moja hubebwa na watu wengi, na mashine haikuwa imeambiwa.

Basi akaiambia. Aliandika sentensi mbili:

"Jina ni lile lililo kwenye kitambulisho cha mgonjwa. 'Mama fulani' na 'Baba fulani' si majina bali ni heshima inayobebwa na wengi: mtu akijitaja hivyo, muulize jina lake kamili na namba yake ya simu kabla hujafuta chochote."

Aliijaribu mashine mara thelathini. Mara zote thelathini iliuliza, tena kwa adabu: "Samahani mama, naomba jina lako kamili." Kornelia alizinakili sentensi zile kwenye daftari lake, akaweka tarehe, akaenda nyumbani akiwa na furaha ambayo hakuwa ameionja tangu sauti imwache.

Jumatatu iliyofuata hazikuwepo. Mahali pake paliandikwa: "Hufuta miadi ya mgonjwa kwa jina." Na chini yake, kama ilivyokuwa desturi ya kampuni: "Mwandishi: Kornelia."

Aliyezifuta ni Jovin, meneja, kijana wa miaka thelathini na moja, mcheshi, mwepesi wa kuomba radhi kwa mambo madogo.

"Mama Hope, maelezo ni mstari mmoja. Tulikubaliana."

"Hatukukubaliana. Ulitangaza."

Jovin akacheka. "Sawa, nilitangaza. Lakini ebu iangalie skrini mwenyewe. Zana zote mstari mmoja mmoja, safi, halafu hii yako imeleta insha. Wabia wanakuja kuukagua mfumo. Watasema hawa wana mashine au wana mtoto wa chekechea wa kuongozwa mkono?"

"Insha ina utangulizi. Hizi ni sentensi mbili."

"Mashine hii imesoma vitabu vya dunia nzima, mama. Itashindwa kujua Mama Eliya ni nini?"

"Inajua ni nini. Haijui ni nani."

Jovin aliitazama tena skrini, na kwa kitambo hicho Kornelia alidhani amemshinda. Kisha meneja akatikisa kichwa kwa upole, kama mtu anayemsamehe mwenzake kilema. "Ualimu hautakutoka, Mama Hope," alisema, akageukia simu yake.

Kornelia alimwandikia barua tatu za mkono katika wiki mbili. Ya kwanza ilijibiwa kwa mdomo, "nimeipata". Mbili hazikujibiwa. Kilichomsukuma hakikuwa ubishi. Tarehe 18 Septemba, siku ya Alhamisi, daktari bingwa wa macho alikuwa anakuja katika mojawapo ya zile kliniki nne, na alikuja mara moja tu kila baada ya miezi mitatu. Angeona watu thelathini. Kati ya hao thelathini, kumi na mmoja walikuwa wameandikwa kwa heshima badala ya jina.

Kwa kuwa hakuruhusiwa kuyarekebisha maelezo, aliamua kuirekebisha orodha. Yeye na Herieli waliwapigia wagonjwa mmoja mmoja. Herieli aliongea, kwa kuwa sauti ya Kornelia haikupita kwenye simu, na Kornelia aliandika. Mama Wilson akawa Kristina. Baba Leonsi akawa Gaudensi, akatania kwamba alikuwa ameanza kulisahau. Walifika kumi. Wa kumi na moja alikuwa yule mama wa Simanjiro mwenye mkongojo. Namba aliyoiacha ilikuwa ya mwanawe, Eliya, anayefanya kazi migodini, ambaye akishuka shimoni simu yake hubaki kambini imezimwa. Walipiga siku sita. Mwishowe Herieli aliandika alichokijua: "Mama Eliya wa Simanjiro." Wakajipa moyo kwamba inatosha.

Haikutosha, maana zana ya kutafuta ilikuwa na ukarimu usioombwa: ikikosa jina zima ilileta linalokaribiana.

Jumanne ya tarehe 16, mwanamke wa Nangara aitwaye Scholastica, aliyekuwa akienda kwa daktari yule yule kupimwa miwani, alituma ujumbe: "Habari zenu. Mimi Mama Eliya. Alhamisi sitaweza kuja kwenye macho, tumepata msiba Bonga. Naomba mnifutie." Huyu aliandikishwa kwa kadi ya bima, kwa hiyo kwenye orodha alikuwa Scholastica. Yeye mwenyewe hakulijua hilo, wala hakuwa na sababu ya kulijua. Aliongea na mashine kama mtu anavyoongea na watu.

"Pole sana kwa msiba, Mama Eliya," ilimjibu. "Miadi yako imefutwa." Iliyofutwa ilikuwa ya mama wa Simanjiro, na nafasi yake akapewa mtu mwingine.

Alhamisi, saa nane mchana, Herieli alimwita Kornelia mapokezi. Kwenye benchi alikaa mwanamke wa miaka kama sitini, ameshika mkongojo kwa mikono miwili, uso ameuelekeza ukutani ambako hapakuwa na mtu. Kando yake alisimama bintiye, Sanaet, mwenye hasira ya mtu aliyekwisha kubishana mahali pengine.

"Shikamoo mama," alinong'ona Kornelia.

"Marahaba. Mbona unaongea na mimi kama kuna maiti ndani?"

"Ni koo, mama. Lilifia kazini."

"Basi tumekutana. Wewe koo, mimi jicho."

"Kule kliniki wametuambia amefutwa," alidakia Sanaet. "Tumetoka nyumbani jana asubuhi. Tumelala njiani. Tunafika, nesi anaangalia kompyuta anasema huyu amefutwa. Mama yangu ni ubao?"

Kornelia, aliyefuta ubao miaka ishirini, alipiga goti mbele ya benchi.

"Jina lako kamili ni nani, mama?" aliuliza.

"Naisenya."

Ilichukua muda wa pumzi moja. Swali lililoondolewa ili skrini ipendeze liliulizwa na kujibiwa kabla gari lililokuwa likipita nje halijamaliza kupita.

Walirudi kliniki pamoja, kwa mwendo wa Naisenya, Sanaet akimshika mkono wa kushoto na Kornelia wa kulia. Njiani Sanaet alieleza. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kufa kwa presha ya macho. La kulia lilikuwa linaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba linazidi kuwa jembamba. Daktari alikuwa ameahidi kulifanyia upasuaji mdogo siku ile, kulizuia lisifuate lile jingine.

Daktari alikuwa ameondoka. Nesi, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimwambia Kornelia kilichotokea asubuhi, na alikieleza bila kujua anaeleza nini. Jina la Scholastica lilikuwa limeitwa mara tatu. Hakuna aliyeinuka. Nafasi yake ikapita tupu, na Naisenya ameketi kwenye kiti cha pili kutoka mlangoni.

"Ulimwona amekaa pale?" aliuliza Kornelia.

"Nilimwona, dada. Lakini mfumo umemfuta. Nikimwingiza mtu aliyefutwa, kesi ni yangu."

"Na nafasi ilikuwepo."

"Ilikuwepo."

Naisenya alitaka kujua kama wanaweza kukaa palepale mpaka daktari arudi, na ilibidi Sanaet amwambie kwa lugha yao, polepole, kwamba anarudi Desemba.

Kornelia hakuuacha mwezi ule upite hivihivi. Alimwandikia kila mtu aliyekuwa na anwani. Hospitali kubwa yenye daktari wa macho ilikuwa mbali, nje ya mkoa, na Naisenya asingeweza kusafiri huko bila mwanawe. Eliya alipotoka shimoni na kupata habari, aliahidi kumpeleka. Mvua zikaja mapema, barabara ya kwao ikakatika, na ilipofunguka tena Desemba ilikuwa imefika. Tarehe 18 Desemba Naisenya aliingia kwa daktari akiwa mgonjwa wa kwanza kabisa, kwa jina lake kamili, lililohakikiwa na Herieli mara nne. Daktari aliimulika mboni ya kulia kwa muda mrefu. Kisha alizima taa yake, akasema hakuna kilichobaki cha kufanyia upasuaji.

Kufikia hapo Kornelia hakuwa tena na kazi. Wabia walikuwa wameitisha kikao mwezi Oktoba, baada ya Sanaet kupeleka malalamiko, wakaomba kuona maelezo ya zana iliyomfuta mgonjwa. Yalichapwa kwenye karatasi yakawekwa mezani. Mstari mmoja, na chini yake jina.

"Haya umeandika wewe?" aliuliza mbia aliyeongoza kikao.

"Niliandika sentensi mbili. Hizi hapa." Aliwasilisha daftari. "Zilifutwa. Meneja anajua."

Wote walimtazama Jovin. Jovin aliitazama karatasi.

"Maelezo yalipita mikono mingi," alisema. "Mfumo unatunza toleo la mwisho tu. Siwezi kusema kwa uhakika."

"Jovin," alinong'ona Kornelia.

"Siwezi kusema kwa uhakika, mama." Safari hii hakumwita Mama Hope.

Mbia alilisukuma daftari nyuma kwa ncha ya kalamu na kusema kwamba daftari la mtu binafsi si kumbukumbu ya kampuni. Barua ilitoka siku tatu baadaye. Ilimtaja kwa majina yake matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho, na kueleza kwamba ameachishwa "kwa kuandika maelezo yasiyojitosheleza, yaliyosababisha madhara kwa mteja". Kornelia aliisoma kama mwalimu. Kila neno lilikuwa sahihi, isipokuwa jina.

Mwezi Januari alikwenda Bonga, ambako Naisenya alikuwa amehamia nyumbani kwa Sanaet kwa kuwa hakuweza tena kubaki peke yake. Alimkuta amekaa mlangoni, ungo mapajani, akichambua maharage kwa vidole. Kila jiwe alilolipata alilipima kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada kabla ya kulitupa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mama Koo umekuja." Alitabasamu kuelekea pembeni kidogo ya mahali Kornelia alipokuwa. "Sanaet anasema wamekufukuza kwa ajili yangu."

"Si kwa ajili yako, mama."

"Anasema uliandika maneno ya kunilinda, wakayatoa."

"Ndiyo."

"Yasome."

Kornelia alikuwa na daftari kwenye mkoba. Alilifungua akasoma, kwa sauti yote aliyobakiwa nayo, ambayo haikuvuka mlango.

"Rudia."

Akarudia.

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu, mama."

Vidole vya Naisenya vilikuwa vimesimama juu ya maharage. "Mimi nilidhani ni kitabu," alisema. "Nikasema, labda kilikuwa kizito, walishindwa kukibeba."

Kornelia alikaa chini kwenye kizingiti, akachukua konzi ya maharage kutoka kwenye ungo, akaanza kuchambua. Naisenya aliisikia sauti ya jiwe la kwanza lililoanguka, akausogeza ungo katikati yao.

Tarehe 9 Februari 2026, kama Herieli alivyomweleza kwa simu, zana ya kufuta miadi ya Miadi Njema ilirudishiwa sentensi mbili, neno kwa neno kama zilivyoandikwa Agosti. Jina la Kornelia limeondolewa. Chini ya sentensi hizo pameandikwa: "Mwandishi: Jovin."